Yatima wa Port Louis aliyefichua siri ya sikio la sungura

MVUVI wa chisense anayeondoka Kashikishi jioni na kukesha na taa yake katikati ya Ziwa Mweru, hasa miezi ya Juni na Julai, anaifahamu vizuri baridi ya alfajiri. Vidole hufa ganzi. Masikio huwa kama si yake. Lakini akitia mkono kwapani, joto lipo palepale kama alivyoliacha nyumbani. Akishafika pwani na kuota moto, masikio yale yale yaliyokuwa baridi huanza kuwaka hadi anayashika kwa mshangao.

Wengi wetu tunaliona hilo kuwa jambo la kawaida tu, kwamba damu imekimbia baridi. Sawa, lakini damu haina miguu wala akili. Ni nani anayeiambia iondoke masikioni ikalinde moyo na maini, na ni nani anayeiruhusu irudi? Hadi katikati ya karne ya 19 madaktari wakubwa wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo bila ushahidi wa kutosha mkononi.

Mmoja wa waliolimaliza bishano hilo hakuzaliwa Paris wala London. Alizaliwa katika kisiwa cha Mauritius, ndani ya Bahari ya Hindi, na aliyemlea ni mama mjane aliyeishi kwa sindano na uzi. Anaitwa Charles-Édouard Brown-Séquard. Madaktari na maofisa tabibu wanalijua jina hilo kwa sababu limebandikwa kwenye hali inayompata mtu aliyechomwa kisu mgongoni. Kazi yake juu ya mishipa ya fahamu inayotawala damu husahauliwa, na pengine hiyo ndiyo iliyotufaa zaidi.

Mtoto wa mshonaji

Brown-Séquard alizaliwa Port Louis tarehe 8 Aprili, 1817. Mauritius ilikuwa imetoka mikononi mwa Wafaransa miaka michache tu nyuma, baada ya Waingereza kuiteka mwaka 1810. Kwa hiyo mtoto huyo alizaliwa raia wa Uingereza, nyumbani wakazungumza Kifaransa, na baba yake alikuwa Mmarekani. Baba huyo, nahodha wa meli kutoka Philadelphia, alipotea baharini kabla hata mwanawe hajazaliwa.

Mama, Charlotte Séquard, alibaki na mtoto na cherehani ya mikono yake miwili. Kijana alipopata nguvu alifanya kazi dukani, na usiku akaandika mashairi na michezo ya kuigiza. Mwaka 1838 mama na mwana walipanda meli kwenda Paris, kijana akiwa na maandishi yake kwenye sanduku na ndoto ya kuwa mwandishi mashuhuri.

Ndoto hiyo haikudumu. Mwandishi Charles Nodier, aliyekuwa na jina kubwa siku zile, aliyasoma maandishi hayo na kumshauri atafute kazi nyingine. Jambo la ajabu ni kwamba miaka minne kabla, mwaka 1834, kijana mwingine kutoka mashamba ya mizabibu karibu na Lyon alifika Paris na mchezo wake wa kuigiza, naye akaambiwa na mhakiki maneno ya namna hiyo hiyo. Huyo ni Claude Bernard. Wote wawili waliishia chuo cha udaktari. Fasihi ya Kifaransa sijui kama ilipoteza kitu, lakini elimu ya mwili ilipata watu wawili ambao njia zao zingegongana tena na tena kwa miaka 40.

Mama aliwapangisha vyumba wanafunzi wenzake waliotoka Mauritius ili mwanawe asome. Hakuishi kuyaona matunda, kwani alifariki kabla mwanawe hajahitimu. Kijana aliyekuwa akiitwa Brown tu aliongeza jina la mama yake nyuma ya lile la baba, na tangu hapo akawa Brown-Séquard mpaka kaburini.

Alihitimu mwaka 1846. Tasnifu yake ilihusu mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Wagonjwa wa kulipa hakuwa nao, na fedha kidogo aliyoipata iliishia kwenye chakula cha wanyama wake wa majaribio, aliokuwa akiishi nao chumba kimoja. Katika chumba cha namna hiyo ndipo alipoonyesha kwamba ukiukata nusu tu mshipa wa uti wa mgongo, mguu wa upande uliokatwa hupooza, ilhali mguu wa upande wa pili hutembea lakini hausikii maumivu. Kumbe habari za maumivu huvuka upande zikiwa njiani kwenda kichwani! Hilo ndilo lililompatia jina katika vitabu vya tiba.

Wembe shingoni

Sasa turudi kwenye masikio. Kandokando ya uti wa mgongo wa binadamu, na wa wanyama wengi, upo mlolongo wa mishipa ya fahamu yenye vifundo vidogo kama shanga. Unaitwa simpathetiki. Hauendeshwi kwa hiari. Huwezi kuuamuru moyo upige haraka kama unavyouamuru mkono uinue kasia, lakini ukimwona mamba karibu na mtumbwi, simpathetiki huamuru moyo, jasho, mboni za macho na mishipa ya damu vyote kwa pamoja kabla hujawaza.

Mwaka 1727 daktari Mfaransa, Pourfour du Petit, alikuwa ameeleza kwamba ukiukata mshipa huo shingoni mwa mbwa, mboni ya jicho la upande huo husinyaa. Baada yake watu walikata na kukata, wakatazama macho tu. Sikio hakuna aliyelishika.

Claude Bernard alilishika. Mwishoni mwa mwaka 1851 na mwanzoni mwa 1852 aliikata simpathetiki ya shingoni mwa sungura, upande mmoja. Mnyama huyo hakuchaguliwa kwa bahati. Kwa mbwa, simpathetiki ya shingoni imefungwa pamoja na mshipa mwingine mkubwa ndani ya ala moja, hivyo ukikata huu umekata na ule. Kwa sungura zimeachana, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuinua uzi mmoja na kuuacha mwingine. Isitoshe, sikio la sungura ni jembamba, ukilielekeza kwenye mwanga unaona mishipa ya damu yote. Na sikio la pili, ambalo halikuguswa, lipo hapohapo la kulinganishia. (Wakati ule wataalamu waliwahesabu sungura kundi moja na panya. Walitenganishwa mwanzoni mwa karne ya 20.)

Bernard alitegemea sikio lipoe. Aliamini kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayochochea joto mwilini, kwa hiyo ukiikata moto uzimike. Ikawa kinyume chake. Mara tu baada ya kukata, sikio la upande ule lilijaa damu, mishipa ikapanuka, na joto likapanda nyuzi kadhaa kuliko la upande wa pili. Bernard alikuwa mtu mwaminifu kwa macho yake, akatangaza alichokiona. Lakini maelezo ya sababu hakuwa nayo kamili. Alisita kukubali kwamba joto lile lilitokana na wingi wa damu tu.

Wakati huo Brown-Séquard alikuwa ameanza kufunga mizigo. Mwezi Desemba 1851 Louis Napoleon alipindua serikali ya jamhuri, na daktari wetu alikuwa mtu wa jamhuri waziwazi. Aliona Paris hapakaliki. Akaenda Marekani mwaka 1852, na inasimuliwa kwamba alichagua meli ya matanga iendayo polepole ili apate muda wa kujifunza Kiingereza njiani. Philadelphia, mji wa baba aliyepotea, alifundisha kwa Kiingereza cha melini na kuzalisha wanawake kwa dola 5 kila mtoto ili apate kula.

Hapo Philadelphia, Agosti 1852, alichapisha habari ya sungura. Alikuwa amefanya jambo ambalo Bernard hakuwa amelitangaza. Baada ya kukata mshipa na sikio kuwaka, alichukua kipande cha juu cha mshipa uliokatwa, kile kinachoelekea kichwani, akakitia umeme wa betri. Mishipa ya damu ikajifunga. Sikio likapauka na kupoa. Akiondoa umeme, damu inarudi na joto linarudi.

Ukikata tu, umeona kinachotokea mshipa usipokuwepo, na watu wanaweza kubishana hadi kesho kama ni kidonda, ni uchungu au ni uvimbe. Ukiweza kurejesha kazi ya mshipa kwa umeme na sikio likapoa mbele ya macho yako, bishano limekwisha. Simpathetiki hukaza mishipa ya damu, na ikikatwa mishipa hiyo hulegea. Joto ni la damu iliyojaa. Mvuvi wetu wa alfajiri masikio yake yamepoa kwa sababu simpathetiki yake imekaza.

Bernard alitangaza jaribio la umeme Novemba 1852, na Mwingereza Augustus Waller alilifanya pia kwa njia yake mwenyewe, akalitangaza mwaka 1853. Brown-Séquard aliwatangulia kwa miezi. Lakini jarida la Philadelphia halikuwa na wasomaji Paris, na mtu anayezalisha kwa dola 5 hana sauti kama profesa. Vitabu vingi vikampa Bernard heshima yote. Kwa maoni yangu haki ni kugawana: wa kwanza aliona sikio linawaka, wa pili akathibitisha kwa nini. Brown-Séquard mwenyewe hakuacha kuikumbusha dunia tarehe zake, maana hakuwa mtu wa kunyamaza.

Kipindupindu nyumbani

Mwaka 1853 alimwoa Ellen Fletcher wa Boston, na mwaka uliofuata akarudi Mauritius. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kisiwani. Watu wa Nchelenge na kambi za wavuvi hawahitaji kuelezwa maana ya neno hilo. Maelfu walikufa Mauritius mwaka huo wa 1854.

Brown-Séquard alipewa wagonjwa awahudumie. Hakuridhika na kuwahudumia. Alitaka kujua kama afyuni iliyochanganywa na pombe, dawa iliyotumiwa sana siku zile, ingeweza kuuzuia ugonjwa, na mnyama wa kujaribia akaona ni yeye mwenyewe. Alimeza matapishi ya wagonjwa, kisha akanywa dawa hiyo kwa wingi. Alikaribia kufa, na inaelekea kilichomkaribishia kifo ni dawa kuliko matapishi. Leo tunajua kwamba mgonjwa wa kipindupindu huokolewa kwa maji na chumvi alizopoteza, wala afyuni hairudishi hata tone moja. Hata hivyo, wananchi wa Mauritius waliona moyo wake, wakamtengenezea medali ya dhahabu.

Kutoka hapo maisha yake ni kama ya mtu aliyekalia makaa. Alifundisha Richmond, Virginia, kwa muda mfupi. Huko, inasimuliwa, alijipaka vanishi mwili mzima ili aone ngozi ina kazi gani, akakutwa hoi na mwanafunzi aliyemkwangua haraka. Akarudi Paris mwaka 1855. Kuanzia 1860 alikuwa daktari katika hospitali mpya ya waliopooza na wenye kifafa jijini London, ambako wagonjwa walimjalia mpaka utafiti ukakosa nafasi. Mwaka 1864 akawa profesa Harvard, na mwaka huohuo mkewe akafariki. Kisha Paris tena, kisha Marekani tena. Wanaomwandika husema aliivuka Atlantiki zaidi ya mara 60, zama za meli.

Simbilisi, figo na kosa

Mnyama aliyempenda zaidi katika majaribio ni simbilisi, yule kiumbe mnene asiye na mkia ambaye Kivu na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania hufugwa jikoni kwa ajili ya kitoweo. Simbilisi ndio waliompa ushindi mkubwa, na ndio waliomwangusha.

Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa wa watu wanaodhoofika hadi kufa, ambao tezi zao ndogo zilizo juu ya figo zilikuwa zimeharibika. Brown-Séquard hakungoja. Mwaka 1856 alizitoa tezi hizo kwa simbilisi, sungura, mbwa na paka. Wote walikufa upesi. Akatangaza kwamba bila tezi hizo hakuna uhai.

Wapinzani walikuja juu, nao walikuwa na hoja. Philipeaux, mtafiti wa Paris, alizitoa kwa panya weupe, na panya wakaendelea kuishi! Tena, mnyama aliyepasuliwa kwa vyombo vya siku zile, na mara nyingi bila ganzi, anaweza kufa kwa upasuaji wenyewe na si kwa kukosa tezi. Alikuwa sahihi, lakini ushahidi wake ulikuwa na tundu. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba panya mara nyingi wana vipande vidogo vya ziada vya tezi hiyo mahali pengine tumboni, ambavyo mpasuaji haviondoi. Ikafahamika pia kwamba tezi ina sehemu mbili. Ganda la nje ndilo lisilokosekana kwa uhai. Sehemu ya ndani ni ndugu wa simpathetiki, na kazi yake ni kumwaga adrenalini kwenye damu.

Ni kwa sababu ya makosa ya aina hii maabara za leo zina taratibu ambazo yeye hakuwa nazo. Panya hulazwa kwa nusukaputi. Mpasuaji, akitazama kwa hadubini, hutoa kifundo cha juu cha simpathetiki shingoni, mara nyingi upande mmoja tu ili upande wa pili uwe shahidi. Na kundi jingine la panya hupasuliwa ngozi na kushonwa vilevile, bila kutolewa kitu, ili ijulikane kidonda peke yake kinaleta nini. Hata kisu si lazima tena. Mwaka 1960 Rita Levi-Montalcini wa Italia na wenzake walionyesha kwamba wanyama wachanga wakidungwa sindano ya kinga inayozuia protini fulani ya ukuaji, simpathetiki yao karibu yote hutoweka.

Kosa lake kubwa lilikuwa kifafa. Aliona kwamba simbilisi waliokatwa mishipa ya mguu au ya mgongoni walianza kupata degedege wakiguswa usoni au shingoni. Hilo aliliona kweli. Kisha akadai kwamba watoto wao huzaliwa na kifafa hicho hicho, na wengine huzaliwa bila vidole kwa sababu wazazi walijitafuna vidole vilivyokufa ganzi. Hata Charles Darwin alilichukulia dai hilo kwa uzito. Waliojaribu baadaye kwa uangalifu hawakulithibitisha. Jeraha la mzazi halirithiwi hivyo. Mtu aliyeona upesi kuliko wengine kwenye sikio la sungura, safari hii aliamini upesi kuliko inavyofaa.

Kiti cha mpinzani

Claude Bernard alifariki tarehe 10 Februari, 1878, na Ufaransa ikamzika kwa heshima za taifa. Kiti chake Collège de France alipewa Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 61. Mtoto wa mshonaji wa Port Louis akachukua uraia wa Ufaransa na kukaa mahali pamoja kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka 1886 aliingia Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Angeishia hapo, wengi wangemkumbuka kwa heshima tupu. Lakini Juni 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wenzake wa Chama cha Biolojia na kueleza kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na simbilisi, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Anapanda ngazi bila kushika. Anafanya kazi saa nyingi. Wazee wenzake waliinamisha vichwa, magazeti yakashangilia, na matapeli wakaanza kuuza chupa za ujana mijini. Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa masokoni kwetu si biashara ya jana.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliirudia dawa yake kwa kufuata maelezo yake, wakapima. Homoni iliyomo ilikuwa ndogo mno kuweza kufanya lolote. Mzee alikuwa amejidanganya kwa imani. Na bado wazo lililomsukuma, kwamba viungo humwaga vitu ndani ya damu vinavyofanya kazi mbali, lilikuwa la kweli. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle alimtibu mgonjwa kwa maji ya tezi ya shingo ya kondoo, na safari hiyo dawa ilifanya kazi.

Katika kliniki za wajawazito, zikiwemo za Zambia, mama mwenye shinikizo kubwa la damu mara nyingi hupewa methildopa. Dawa hiyo hupunguza amri zinazotoka kichwani kwenda simpathetiki, mishipa ya damu ikalegea na shinikizo likashuka. Ni kama alichofanya wembe shingoni mwa sungura, ila bila wembe.

Mke wake wa tatu, Elizabeth Emma Dakin, alifariki mwanzoni mwa mwaka 1894. Yeye hakukaa sana baada ya hapo, akafariki mwanzoni mwa Aprili akiwa na karibu miaka 77. Mwezi mmoja kabla, jijini London, George Oliver na Edward Schäfer walikuwa wamewaeleza wenzao kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za juu ya figo, zile zile alizozitoa kwa simbilisi mwaka 1856, yakidungwa kwenye mshipa wa mnyama hukaza mishipa ya damu na kupandisha shinikizo ghafla.